Menyu Iliyoficha Watu

Warundi walipokuwa wakikimbia machafuko kwao na kuvuka mpaka kuingia Tanzania makundi kwa makundi, Ildefonsa wa Keza alikuwa ametoka chuoni Mwanza na cheti chake cha kompyuta. Shirika dogo la kanisa pale Ngara likampa kazi ya kutengeneza tovuti, ili waliopotezana njiani wawekewe picha na majina, ndugu zao wawaone na kuwafuata.

Aliitengeneza ikapendeza, wafadhili wakaisifu. Juu aliweka "Kuhusu Sisi", kisha "Miradi", "Habari" na "Wadau". Picha za waliopotea akazitia ndani ya "Rasilimali", chini ya "Ufuatiliaji wa Familia". Kwenye simu, menyu nzima, yaani orodha hiyo ya milango ya kurasa, ilijikunja ikawa vimistari vitatu kwenye kona.

"Mkimbizi atajuaje kuwa mama yake yumo kwenye rasilimali?" aliuliza Celestini, mratibu wake.

Ildefonsa alicheka. "Watazoea."

Asubuhi moja ya mvua akaingia ofisini mwanamke wa makamo, Niragira, aliyehifadhiwa na jamaa zake katika kijiji cha Mugoma.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Namtafuta mama yangu, Nshimirimana. Nimeingia kwenye hiyo tovuti yenu mpaka nimechoka. Naona wageni na visima tu."

Ildefonsa akagusa vimistari, akafungua mlango mmoja, wa pili, na bikizee mwenye kilemba akatokea. Niragira alipiga ukelele, akakishika kioo cha simu kwa mikono yote miwili. Picha ile ilikuwemo tangu tovuti ilipoanza. Iliandikwa kwamba bibi anaishi Nyarubungo, kwa mkulima aitwaye Fideli.

Waliondoka saa ile ile na gari la ofisi. Fideli aliwapokea nje ya shamba la migomba, akamtazama Niragira, akavua kofia.

"Ameondoka. Juma lililopita alipanda gari la wanaorudi Burundi."

"Hakuweza kuningoja?"

"Alingoja, dada yangu. Kila nikitoka sokoni aliniuliza kama kuna aliyemtafuta. Mwishowe akasema, wangekuwa hai, wangeshanitafuta."

Njia nzima ya kurudi Niragira hakulaumu mtu. "Mungu akubariki, mwanangu. Walau umenionyesha sura yake." Baraka ile ilimchoma Ildefonsa kuliko tusi.

"Mama, kosa ni langu. Picha yake niliificha mimi."

Niragira akageuka, uso umejaa mshangao. "Uliificha kwa nini?"

Angesema nini? Kwamba alitaka ukurasa upendeze?

Siku ya soko alikwenda Mugoma na simu yake. Aliwapa wauza nyanya, waendesha bodaboda, akina mama waliokaa juu ya magunia. "Mtafuteni bibi huyu humu." Kisha akaufumba mdomo, akatazama vidole. Vilitangatanga, vikabonyeza picha kubwa, vikabonyeza visima. Vile vimistari havikuguswa na mtu. Kila kidole kilichopotea, aliona ni mkono wa Niragira.

Aliibomoa menyu yote. Ukurasa wa kwanza ukabaki na vitufe viwili vipana, "Namtafuta ndugu" na "Nani ananitafuta", kila kimoja na maneno ya Kirundi chini yake. Picha ya Niragira nayo akaitia humo, na "Wadau" na "Miradi" vikashushwa mwisho. Mfadhili mmoja alilalamika. Celestini akamjibu kwa upole, lakini vitufe havikuondolewa.

Miezi ikapita. Ng'ambo ya mpaka, jirani wa yule bibi alibonyeza kitufe cha pili akaiona sura ya Niragira. Siku jirani huyo na bibi walipopiga simu, Niragira aliongea amesimama katikati ya ofisi, akilia na kucheka. Sauti ya kizee ilisikika wazi: "Kumbe mlinitafuta!"

Bibi alikuwa amedhoofika, hakuweza tena kusafiri. Naye Niragira aliogopa kurudi Burundi. Walizungumza kwa simu hadi bibi alipofariki. Hawakuonana.

Watu wengi walikutana kupitia vile vitufe, na Ildefonsa alishukuriwa mara nyingi. Alizipokea shukrani akiwa ameinamisha macho, kama mtu anayepewa kitu cha mwenzake.