Mlio wa Pili

Wallahi, ushindi ule ulikuwa wangu!

Mtaa wetu haujawahi kushinda mashindano ya mbio za punda kisiwani kwetu Amu. Kila Maulidi ni kuchekwa tu. Mwalimu wetu wa shule ya msingi, mstaafu wa zamani, alinishika bega asubuhi ile. "Mwanangu, nataka nilione kombe mtaani kwetu kabla sijafa. Usinitie aibu!" Nami nilimpenda mzee yule mno. Ndiye aliyenifundisha kusoma, wengine wameshanikatia tamaa.

Lakini kwanza niseme habari ya firimbi yake. Shuleni akiipiga mara moja, sote tulisimama tuli. Mwenye mguu juu alibaki nao juu, na mpira ukajiendea wenyewe. Hakuna aliyetikisika mpaka apige mara ya pili. Alistaafu, firimbi hakuivua shingoni.

Basi tukatimka! Ndia nzima ya pwani imejaa watu, kina mama wamejazana madirishani, vigelegele juu ya vigelegele. Punda wangu, mbeba mchanga wa ujenzi, siku hiyo sijui alikula nini. Nikampita huyu, nikampita yule, nikawa mbele peke yangu! Nikamwona mwalimu penye utepe, kofia mkononi, anarukaruka kama mtoto siku ya Idi. Furaha ikamzidi, akaitia firimbi mdomoni.

Priii!

Nikavuta kamba. Jamani, sikuwaza hata kidogo! Na nyuma yangu wote wakavuta kamba. Wanaume wazima, wenye ndevu na wake majumbani, tumeganda juu ya punda. Watu wanapiga kelele, "Nendani! Mmerogwa?" Sisi twangoja tu. Akaja na punda wake mshindani wa mwisho, kijana mmoja wa Pate, aliyepanda mashua bandarini kwao Mtangawanda alfajiri ile, na ambaye hakusoma kwetu. Akatupita taratibu, anatutazama kama wendawazimu, akalichukua kombe.

Mwalimu, mikono kichwani. Ndipo akakumbuka, akapiga ya pili, tukaenda.

Akanijia, macho yamemwiva. "Mbona ulisimama, mwanangu?"

"Si umepiga, mwalimu?"

Loo! Alicheka huku analia, akanikumbatia pamoja na punda wangu. Miaka yote iliyofuata nilikuwa nikipita barazani kwake anauliza, "Leo nikipiga utasimama?" Nami namwambia ajaribu aone. Yule wa Pate naye akawa rafiki yetu, na kila akija Amu hutukejeli bila huruma.

Mwezi uliopita tulimzika mwalimu. Kombe halijafika mtaani. Dua ikaitikiwa, watu wakaanza kurudi mjini, na sisi wanafunzi wake tukabaki pale makaburini, wakubwa kwa wadogo, hakuna anayeinua mguu.

Yule rafiki yetu wa Pate akanisogelea. "Ndugu yangu, mbona hamwendi?"

Nikamwambia, "Bado hajapiga ya pili."