Reli Juu ya Kaburi la Babu

Harufu ya mafuta ya cherehani hunikasirisha hadi leo. Nikipita barazani kwa fundi nguo, nikamkuta anaitilia mafuta mashine yake kwa kile kikopo chenye mdomo mrefu, hasira ya mtoto wa miaka kumi hunipanda kabla sijakumbuka ni ya nini. Kisha nakumbuka. Ni ya treni. Naomba univumilie, msomaji: nimesoma hadi chuo kikuu, nimelea watoto, nimezika wazazi, na bado kuna treni moja ya bati, ndefu kama kiatu cha mtu mzima, ambayo sijaisamehe.

Ilifika nyumbani kwetu Kibosho, mlimani, katikati ya mwaka, ndani ya begi la Baba. Baba alikuwa fundi wa njia ya reli huko Tabora. Alikuwa akija kwa likizo fupi wakati wa baridi, na kwa likizo ndefu wakati wa Krismasi, kama wafanyavyo Wachaga waliotawanyika nchi nzima. Safari hiyo alileta miche ya sabuni, kitenge cha Mama, na kichwa cha treni cha kuchezea, cha kijani, chenye ufunguo ubavuni. Mtoto wa bosi mmoja aliyehamishwa alikuwa amekiacha. Ukizungusha ufunguo, springi ilijikaza ndani kwa sauti ya kukoroma; ukiachia, magurudumu yalizunguka kwa hamaki kama ya mtu aliyechelewa. Kilinuka mafuta ya cherehani, na jioni ile nilikipenda kiasi cha kusahau kula.

Lakini kilikuja bila reli.

“Reli utajenga mwenyewe, Epi,” Baba alisema, akiwa amenyoosha miguu kando ya moto. “Mimi najenga kila siku, wewe utashindwaje? Krismasi nitakuja kukagua. Kikizunguka mara moja tu bila kuanguka, Januari nakuchukua. Tunashuka Moshi mjini, tunapanda treni, wewe na mimi, mpaka Tabora. Tunalala humo humo.”

Sikuwa nimewahi kupanda treni. Kutoka shamba letu la juu, asubuhi ambazo mawingu yalichelewa kuamka, tuliweza kuona tambarare yote hadi ng'ambo ya mashamba ya mpunga ya Mabogini, na mara moja moja upepo ulileta honi ya treni, nyembamba kama mlio wa mbu. Huo tu ndio ujuzi niliokuwa nao wa reli. Nikaanza kujenga.

Ilikuwa miaka ile ambayo sabuni na sukari vilipangiwa foleni, na msumari mpya ulikuwa kitu cha kuhadithiwa. Kaka yangu Prosper, aliyenizidi miaka minne na majigambo mengi, alinikatia vipande vya debe la mafuta ya taa, nikavikunja kwa nyundo juu ya jiwe hadi vikawa reli. Mataruma, vile vipande vya mti vinavyolaliwa na reli, niliyatengeneza kwa matawi ya mibuni aliyokuwa akipogoa Mama. Misumari niliing'oa kwenye masanduku mabovu, nikainyoosha mmoja mmoja, nikajigonga vidole hadi Mama akaniuliza kama najenga reli au navunja mkono.

Hayo yote yaliwezekana. Kisichowezekana kilikuwa ardhi.

Wewe uliyekulia Dodoma au Shinyanga huenda usinielewe upesi. Kwetu hakuna mahali palipolala. Chungwa likidondoka uani, unalifuata kwa jirani. Mpira unachezwa na timu mbili, na mtoto mmoja anawekwa chini kabisa kazi yake kuuokota. Sisi wenyewe hatukuliona hilo, kwa kuwa miguu yetu ilikwishazoea, na mimi nilifika darasa la nne nikiamini kwamba ua wetu ulikuwa tambarare. Treni ndiyo iliyonionyesha. Nusu ya duara ilipanda, nusu ikashuka. Kwenye mpando ilihema, ikatetemeka, ikasimama, magurudumu yakizunguka bure. Kwenye mteremko iliruka kona, ikaingia bandani kwa mbuzi.

“Mama!” Prosper alipaza sauti. “Treni ya Epi imepata ajali tena! Abiria wote wamekufa, mbuzi mmoja kajeruhiwa!”

Niliihamishia sebuleni, penye sakafu ya simenti. Kumbe fundi aliinamisha sakafu ile makusudi, ili maji ya deki yatoke yenyewe mlangoni. Treni nayo ikatoka mlangoni. Niliihamishia kwenye vichanja vya kuanikia kahawa, nikachagua kimoja kilichokuwa kitupu, lakini waya wake ulibonyea katikati kama kitanda cha mgonjwa, na kabla sijapata suluhisho Mama alifika na ungo wa kahawa mbichi kichwani.

“Ondoa.”

“Mama, kidogo tu, nimalizie kona.”

“Kahawa hii ndiyo inakusomesha. Hiyo treni inamsomesha nani?”

Nililia kwa hasira nyuma ya migomba. Nilimlaumu Baba kwa kuleta treni bila reli, nikamlaumu Mungu kwa kuuweka mlima mahali ambapo watu walitaka kuishi. Novemba ikaingia, mvua fupi zikanyesha, reli zangu zikashika kutu, na Krismasi haikuwa mbali.

Kilichoniokoa kilikuwa mvua hiyo hiyo. Asubuhi moja, baada ya kunyesha usiku kucha, nilipita chini ya shamba, pale tulipowazika watu wetu. Kwetu wafu hawapelekwi mbali. Wanalala kihambani, katika shamba la ukoo, chini ya migomba waliyoipanda. Babu mzaa baba, aliyefariki nikiwa ningali mgongoni, alikuwa na kaburi la simenti lililozungukwa na masale, yale majani marefu ya kijani tunayoyapanda mipakani na makaburini. Juu ya simenti ile maji ya mvua yalikuwa yametulia, membamba, yenye anga ndani yake. Hayakuelekea kushoto wala kulia.

Nilichota kopo la maji mferejini, nikayamwaga katikati kuhakikisha. Yalitanda pande zote sawasawa, yakasimama. Katika maisha yangu sikuwa nimewahi kuona maji yasiyo na safari.

Sikuona ubaya wowote. Babu alikuwa jirani. Tulimsalimia tukienda kukata majani ya ng'ombe. Msumari haukuingia kwenye simenti, hivyo niliokota mabaki ya mishumaa ya Siku ya Marehemu Wote, nikayayeyusha ndani ya kopo, nikayabandika mataruma kwa nta. Stesheni niliiweka chini ya msalaba, kwa kuwa ndipo palipokuwa na kivuli. Kona ndizo zilizonitesa. Kaburi ni jembamba, na treni haikupenda kugeuzwa kwa ghafla; kila ilipofika miguuni pa Babu ilidondoka masaleni. Nilipanua kona, ikadondoka. Nilipunguza springi, ikasimama njiani. Nilifunga gurudumu kwa uzi, nikaharibu gurudumu, nikafungua uzi. Shule ilikuwa imefungwa, na kila siku nilirudi nyumbani kula nikiwa na uso wa mtu aliyefiwa. Mama, aliyedhani nacheza mferejini na wenzangu, aliniuliza kama ninaumwa.

Hatimaye, asubuhi ya mkesha wa Krismasi, niliweka vijiti vyembamba chini ya reli ya nje ya kila kona, ili treni iinamie ndani kama ng'ombe anayepita pembezoni mwa njia. Nikajaza ufunguo. Nikaachia. Ikatoka stesheni, ikapita ubavuni, ikainama miguuni, ikainuka, ikarudi kwa upande wa pili ikikoroma, ikapita chini ya msalaba, ikaanza tena.

Ilizunguka. Sitaki mtu yeyote anibishie jambo hilo.

Nilikimbia kumwita Prosper. Huo ndio uamuzi ninaoujutia, maana Prosper alikuwa juu kabisa shambani, na hakutaka kuja mpaka nimwahidi kipande changu cha nyama ya sikukuu. Tulipofika makaburini tulimkuta Shangazi Felista, dada mkubwa wa Baba, aliyekuja kutoka Arusha jioni iliyotangulia. Alikuwa na jembe mkononi na kanga kiunoni, kwa kuwa desturi ni kusafisha makaburi kabla ukoo haujakusanyika kusali. Reli zangu zilikuwa kwenye rundo la magugu. Mataruma ameyakwangua kwa jembe. Treni imelala kifudifudi, ufunguo umepinda.

“Shikamoo Shangazi,” Prosper alinong'ona, akijificha nyuma yangu.

Shangazi alinigeukia mimi. “Mae! Epifania! Baba yangu umemgeuza stesheni?”

“Shangazi, ilikuwa inazunguka! Ilizunguka kweli!”

“Nani amekutuma? Ni baba yako?”

“Hakuna aliyenituma.”

“Hata huku mmemfuata na reli,” alisema, na sauti yake ikakatika mahali ambapo sikuitazamia ikatike. “Hata huku.”

Nilifikiri ni mishumaa iliyomuudhi.

Baba aliwasili mchana, akitembea kutoka barabara kubwa na begi begani. Sikumpa nafasi ya kuketi. Nilimsalimia, nikamwambia kila kitu kwa pumzi moja, nikamvuta mkono hadi kaburini ili ashuhudie dhuluma niliyofanyiwa. Shangazi alikuwa bado pale, akifagia. Baba aliangalia alama za nta zilizobaki kwenye simenti, zikionyesha njia yote niliyopitishia reli, kisha akachuchumaa, akapapasa kona moja kwa kidole.

“Uliinua reli ya nje.”

“Ndiyo, Baba.”

“Na umejuaje kwamba hapa pamelala?”

“Nilimwaga maji. Hayakwenda popote.”

“Hayakwenda popote,” Baba alirudia taratibu. Alimtazama dada yake. Dada yake akatazama ufagio. Kisha Baba akakata jani moja la isale, akalifunga fundo, akaliweka chini ya msalaba, mahali hasa palipokuwa na stesheni yangu, akakaa pale akiwa ameinamisha kichwa muda mrefu kuliko sala yoyote niliyoijua. Shangazi akaweka ufagio chini, akasimama nyuma yake.

Nami nilisimama kando nikichemka. Hakuna aliyezungumza habari ya treni! Jani lile linafanya nini kwenye stesheni yangu? Nilingoja wamalize, nikauliza, “Baba, sasa Januari tutakwenda?”

“Tutaona,” alisema.

Hakuna neno ninalolichukia katika lugha yetu kama hilo. Januari ilifika, Baba akaondoka peke yake kabla sijaamka. Ufunguo haukunyooshwa tena ukawa kama zamani, springi ikafa, na mimi nikaacha kujenga. Mwaka uliofuata aliniletea viatu. Hatukuwahi kupanda treni pamoja, na miaka ilipokwenda, treni ya abiria nayo ikaacha kuja Moshi.

Niliishi na hasira hiyo hadi tulipomzika Baba. Alikuwa amestaafu zamani, akarudi kihambani, akafa akiwa mkulima wa migomba, naye akalazwa kando ya Babu. Jioni baada ya mazishi nilikaa jikoni na Shangazi Felista, mzee sana sasa, akinywa uji, nikamtania kwamba bado namdai radhi ya reli yangu.

Aliweka uji chini. Ndipo aliponieleza. Baba alikuwa mtoto wa mwisho wa kiume, na kwetu huyo ndiye anayebaki na nyumba na shamba la wazazi, ndiye anayewatunza uzeeni. Baba akachagua reli. Babu alimwambia mbele ya ukoo mzima, “Nenda kaioe hiyo reli yako, nayo ikuzike,” na tangu siku hiyo hawakusemezana. Babu alipofariki, mvua zilikuwa zimekata njia huko bara, na Baba alikuwa katika kundi lililopelekwa kuitengeneza. Alifika kaburi likiwa limeshafukiwa. Hakulia, Shangazi alisema. Alishuka mjini, akarudi na simenti, na kwa siku kadhaa akajenga kaburi lile peke yake, akikataa kusaidiwa, akitumia pimamaji, kile kipimo cha usawa, ile ile aliyopimia reli. Alilaza simenti, akapima, akakwangua, akalaza tena.

“Tulidhani amerukwa na akili,” Shangazi alisema. “Nani anapima kaburi namna ile? Lile jani alilofunga siku ya treni yako, unajua maana yake. Ndiyo mara ya kwanza alimwomba baba yetu msamaha. Sisi tulikuwa tumengoja miaka yote hiyo.”

Naam, maana yake nilikuwa nikiijua kwa wakati huo. Kila Mchaga mzima anajua kwamba anayebeba isale lililofungwa fundo anakuja kuomba radhi. Sikuwa nimejua tu ni nani aliyekuwa akiombwa. Na mtu mzima aliyepatwa na jambo hilo mbele ya dada yake na binti yake, huku kila tone la nta likimkumbusha kazi yake, angewezaje kuniambia chochote kuhusu Januari? Naelewa. Bado ningependa angeniambia.

Fundi aliyejenga kaburi la Baba alikuwa na haraka ya kwenda kazi nyingine. Aliliunganisha na la Babu kwa simenti moja, akapiga vigae, akaondoka. Nilishuka na kopo la maji, nikayamwaga katikati ya vigae, na papo hapo nikaona: ameinamisha. Hasira ya zamani ikanipanda, nikatoa simu nimwite arudi avunje, aanze upya, mtu wa reli hawezi kulazwa upande.

Maji yalikuwa yakishuka taratibu upande wa Babu. Yalivuka maungio, yakaingia kwenye simenti ya zamani, yakatanda pande zote sawasawa, yakasimama.

Nikairudisha simu mfukoni.