Kahawa Katikati ya Uwanja

Nilikuwa mlinzi wa kiwanja cha ndege hapa Mbinga, lakini nilichokilinda hasa ni kahawa yangu. Tangu wanunuzi binafsi waruhusiwe, kila mtu alitafuta pa kuanika. Mimi nilitandaza maturubai katikati ya njia ya ndege. Ndege ya wanunuzi ikija, nilipunga shati, rubani akazunguka mara moja, nami nikayakunja haraka. Ndivyo tulivyozoeana.

Siku ile ndege ikaja kimya, inateremka. Ukimya niliusikia, akili ndiyo haikusikia. Nikapunga shati. Haikuzunguka. Nikamtukana rubani kwa kiburi chake, nikapunga tena. Akakata kushoto, akaangukia shamba la mahindi. Bawa likavunjika, na mguu wake pia.

“Injini ilizimika huko juu,” alisema tulipomtoa. “Ningezungukaje?”

Mwenyekiti wa kijiji akauliza ni nani aliyeanika kahawa pale. Mimi, mlinzi, nikafoka kuliko wote: “Watu gani hawa wasio na utu? Wakamatwe!”

Mara mke wangu akatokea mbio, ungo mkononi.

“Baba Osmundi, kahawa yetu imepona?”