Katazo la Kumchekesha Feza

Nilipokuwa na miaka tisa, nyumbani kwetu karibu na Wamaza palikuwa na katazo ambalo sikulisikia kwa jirani yeyote: tusimchekeshe mtoto. Mtoto mwenyewe alikuwa mdogo wangu Feza, wa miezi saba, naye alizaliwa na tabia ya kucheka. Ukimtazama, anacheka. Kuku akipita, anacheka. Mama alimbeba mgongoni kutwa nzima, amemfunika nguo hadi puani, na mtu akiuliza alijibu kwamba mtoto ana vidonda mdomoni. Mimi niliruhusiwa kumpakata akiwa amelala tu.

Sababu niliambiwa siku moja tukiwa peke yetu kwenye shamba la pamba. Mama aliinua mdomo wa Feza kwa kidole, akanionyesha. Kwenye ufizi wa juu palikuwa na ncha mbili nyeupe kama punje za mchele. Ufizi wa chini ulikuwa mtupu.

Mtoto anayetanguliza meno ya juu huitwa kigego. Kwetu ilisemwa kwamba kila jino lililotangulia litamwita mtu mmoja wa ukoo, na mtu huyo atakufa. Zamani wazee walimpeleka kigego mtoni, wakarudi mikono mitupu, na mama yake hakuruhusiwa kulia. Serikali ya Wabelgiji ilikuwa imekataza jambo hilo. Lakini serikali ile ilikuja kijijini kukagua pamba na barabara. Vinywani mwa watoto wetu haikuchungulia.

"Ya chini ikitoka, hakuna mutu atajua gani ilitangulia," mama aliniambia. "Ni siku kidogo tu, Zaina. Usimuchekeshe."

Nilikubali. Baba alikuwa mbali, Salamabila, kwenye machimbo ya dhahabu, na mkataba wake ulikuwa haujaisha. Mtu wa kumlinda Feza alikuwa mama, na wa kumsaidia mama nilikuwa mimi.

Sasa nami nilikuwa na jino bovu. Gego la chini upande wa kushoto lilikuwa limetoboka hata ulimi ukaingia ndani. Siku moja lilipouma sana, mama alinifunga kitambaa kutoka kidevuni hadi utosini, ncha za fundo zikasimama kama masikio ya sungura. Alasiri hiyo tulikuwa uani tukimenya karanga, sisi na bibi, mama yake baba. Feza alikuwa amelala mkekani. Aliamka bila mtu kumsikia, akaona uso wangu uliovimba upande mmoja na masikio mawili ya kitambaa juu ya kichwa. Nami, mjinga wa wajinga, nikasahau kila kitu, nikamtolea macho na kutikisa yale masikio.

Feza akacheka. Alicheka kwa kinywa chote, kichwa nyuma, na jua likaingia mpaka kooni.

Bibi aliacha kumenya. Alimtazama mtoto, akamtazama mama, kisha akachukua ungo wake akaondoka na karanga nusu hazijamenywa. Mama alisubiri apotee nyuma ya migomba. Halafu akanichapa kwa mwiko, mgongoni, mikononi, popote, hata mwiko ukavunjika. Alipomaliza alinikumbatia, na hilo ndilo lililonitisha zaidi.

Jua lilikuwa bado juu bibi aliporudi na baba mkubwa Ramazani. Huyu alikuwa kaka yake baba, mtu mpana, mkimya, ambaye kabla ya siku ile hakuwahi kunikaripia hata mara moja. Alisimama kwenye mlango wa ua.

"Mama Zaina, leta mutoto."

"Mutoto iko na homa, shemeji."

"Sikuuliza homa. Mufungulie kinywa."

Mama alirudi nyuma mpaka ukutani. Baba mkubwa akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayeomba, "Meno ile itaita watu. Itaanza na nani? Na mume wako kule mu shimo ya zahabu? Na huyu Zaina? Mimi napenda kuzika mutoto moja, sipendi kuzika wote."

Nimelitafakari neno hilo maisha yangu yote. Alikuja kumuua mdogo wangu kwa sababu alitupenda sisi wengine. Ningependa kusema alikuwa shetani, ingenirahisishia mambo, lakini hakuwa shetani.

Mama akasema, "Uniue miye kwanza."

Hakumuua, ila alimpiga. Alimkunja mkono hadi mama akapiga magoti, akamsukuma kwa goti, kichwa cha mama kikagonga nguzo ya nyumba. Akamchukua Feza kwa mkono mmoja. Feza alidhani ni mchezo, alicheka tena. Nilisikia kicheko kile nikaruka. Sikuwa na kisu wala fimbo, nilikuwa na meno tu. Nilimuuma baba mkubwa kwenye kifundo cha mkono kwa nguvu zote za taya, nikakaza. Alinipiga ngumi kichwani, mara mbili, mara tatu. Nilisikia kitu kikikatika, nikajua ni mfupa wake. Kumbe lilikuwa gego langu lile bovu, limevunjika na kipande kimebaki ndani ya nyama yake.

Alimwachia mtoto. Feza akaanguka juu ya maganda ya karanga akapiga mayowe. Na mama, ambaye damu ilimfumba jicho moja, alikuwa ameshaokota mchi wa kinu. Alimshushia begani. Hapo mfupa ulivunjika kweli, na baba mkubwa akakaa chini kama mtoto aliyechoka.

Bibi alikuwa amesimama mlangoni muda wote. Tulipokimbilia mlango na Feza, alisogea. Sijui hadi leo kama aliogopa mchi au alitupisha.

Tulitembea siku mbili, tukachukuliwa na kamio, lori la kubeba pamba, na tulipofika Kasongo jicho langu la kushoto lilikuwa limefungwa na uvimbe. Nilikuwa na homa. Nilitema usaha na damu njia nzima. Mama alinipeleka moja kwa moja kwenye dispensari, kwa muganga Dominiko, Mkongo mwenzetu mwenye aproni nyeupe, aliyechemsha makoleo yake kwenye sufuria juu ya jiko la mafuta. Kwenye benchi tulikuwa kumi na zaidi, kila mmoja ameshika shavu lake. Mzee mmoja aliuliza kama ni kweli kuna dawa ya kuziba tundu la jino ili lising'olewe.

"Iko," muganga alijibu. "Wazungu wanazibiwa. Siye tunangolewa."

Watu wa benchi walicheka, wenye meno mabovu wale.

Zamu yangu ilipofika alinieleza kila kitu kabla ya kunigusa, na kwa hilo namshukuru, maana watu wengine wote waliokuwa wamenipiga wiki ile hawakunieleza. "Mwanangu, kwanza nitapasua uvimbe, usaha itoke. Utasikia uchungu sana, kisha utasikia muzuri. Halafu nitangoa ile ilibaki. Sindano ya ganzi haifanye kazi mu usaha, nisikudanganye. Ukipiga kelele, piga. Lakini usinyanyue mukono."

Wanaume wawili walinishika, mmoja kichwa, mmoja miguu. Kisu kiliingia, usaha ukamrukia kwenye aproni, na kweli, kwa muda mfupi nilisikia raha iliyonitoa machozi. Kisha koleo. Alikandamiza kuelekea chini kama mtu anayechimba, akazungusha, akatikisa, na taya yangu ikalia ndani ya masikio yangu. Mzizi mmoja ulitoka. Wa pili ulikatika. Alijaribu kuutafuta kwa chuma chembamba hadi nikajikojolea, akaacha.

"Kipande kidogo kimebaki," akamwambia mama bila kuficha. "Siku moja kitatoka chenyewe, ao hakitatoka. Aume hii pamba saa nzima. Asiteme mate, damu itarudi. Kesho asukutue na maji ya chumvi, ya vuguvugu, asitie moto."

Siku hizi nikisikia wajukuu wanalalamika kwamba daktari wa meno aliwachoma sindano wakakosa kuhisi mdomo mpaka jioni, nainuka nakwenda kutazama kuku wangu.

Nilidhani tumemaliza. Mama akamfungua Feza mgongoni, akamkalisha mezani.

"Na huyu, muganga. Haya mbili ya juu."

Muganga Dominiko alitazama. Alikuwa mtu wa upande wetu. Alielewa mara moja. "Mama, hii haiko ugonjwa. Nikingoa meno ya mutoto mudogo hivi, damu itatoka mingi, na meno yake ya kesho itaharibika ndani ya ufizi. Sitangoa."

"Usipongoa, watamuua."

"Nenda kwa serikali, useme."

Mama alitumbukiza mkono kwenye sufuria iliyokuwa ikitokota, akatoa koleo dogo, ngozi ya vidole ikabadilika rangi papo hapo. Kabla muganga hajazunguka meza, alikuwa amembana Feza kwa kiwiko, ameng'oa jino moja. Jino la mtoto mchanga halina mzizi wa maana. Lilitoka kama unavyotoa punje kwenye hindi bichi. Halafu damu. Halafu sauti ya Feza, ambayo haikuwa kilio nilichokijua.

Muganga alimpiga mama kofi lililomwangusha. Alichukua koleo, akasimama juu ya mtoto akihema, akatazama lile jino moja lililobaki. Alilitazama muda mrefu. Nadhani aliona nilichokiona mimi: kwamba jino moja linatosha kumuua. Akaling'oa. Akakandamiza ufizi kwa kidole na kitambaa, akilia machozi na kutukana, akitutukana sisi na kijiji chetu na yeye mwenyewe, mpaka damu ikakoma.

"Mupe ziwa," akamwambia mama aliyekuwa bado sakafuni. "Sasa hivi. Akinyonya, atapona."

Feza alinyonya maziwa na damu. Alipona.

Baba alipopata habari alitufuata Kasongo, na hatukurudi tena Wamaza. Miezi mitatu baadaye bibi alikuja kwa miguu, peke yake, na vumbi hadi magotini. Hakutusalimu. Alimwomba mtoto. Mama alitazama huku na huku kama mtu anayetafuta mchi, lakini baba akamkabidhi. Bibi alitia kidole kinywani mwa Feza. Chini palikuwa na meno mawili mazuri. Juu palikuwa na ufizi mgumu wenye makovu, na kidole cha bibi kilikaa pale muda mrefu, kikienda na kurudi.

"Ya chini," alisema. "Ya chini ndiyo ilitangulia."

Alisema hivyo kwa sauti ya kusikika hadi barabarani, ingawa ndani tulikuwa sisi wenyewe tu. Kisha akaomba maji.

Ningeishia hapo kama ningekuwa mtu mwema.

Meno ya ukubwani ya Feza yalitoka kama muganga alivyoonya: mawili ya mbele, juu, yakiwa na madoa ya kahawia na mashimo, kama mawe ya kisima. Hakujali. Aliyaonyesha akicheka kwa kila mtu. Alikuwa na miaka kumi na minne, nami nimeolewa, baba alipokufa kwa ugonjwa wa tumbo uliomchukua siku mbili. Mwezi ule ule mtoto wangu wa kwanza alikufa kwa homa. Wawili.

Feza alikuja kukaa nami msibani. Alinipikia, alinifulia, alinilaza kichwa pajani pake. Siku moja alifungua kinywa kuniambia neno, sijui neno gani, na mimi nikayatazama yale meno mawili ya kahawia. Niliyatazama moja, kisha la pili. Mimi, niliyevunja gego langu katika mkono wa baba mkubwa kwa ajili yake, nilihesabu.

Aliona. Alifunga mdomo taratibu, kisha akapandisha mkono akaufunika.

Sasa sisi ni vikongwe. Meno yale yaling'olewa miaka mingi iliyopita kwa daktari, kwa ganzi, bila uchungu wowote, na mahali pake hapana kitu. Mbele ya watu wengine Feza hucheka kwa kinywa wazi, kichwa nyuma. Mbele yangu mkono hupanda. Kwa hiyo kila akija kunitembelea, najifunga kitambaa kutoka kidevuni hadi utosini, namtolea macho, natikisa masikio. Anacheka, masikini, anacheka mpaka machozi. Nami nautazama mkono wake, nikingoja siku utakaposahau.