Baba Anatafuta Honi

Mimi ni mwalimu, na walimu tuna ugonjwa mmoja: tunadhani kila kitu kinafundishika. Kiharusi kilipompiga baba upande wa kushoto, nilimtoa Mlali nikamleta kwangu Kihonda. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo akasema vidole visikae bure. Basi mimi nikafungua laptopu.

Nilimtafutia mchezo wa magari, ule unaochezwa hukohuko mtandaoni bila kupakua chochote. Gari linakwenda kasi, kwenye kona unavuta hendibreki, linaserereka ubavu na pointi zinapanda. Lisiposerereka hupati kitu. Usukani ulikuwa kwenye vitufe vya mishale, kazi ya mkono wake mzima. Hendibreki ilikuwa kile kitufe kirefu cha chini, abonyeze kwa mkono mgonjwa. Nilijiona nina akili kweli.

Baba ameshusha kabichi, karoti na watu kutoka milimani kwa pikapu yake miaka mingi kuliko umri wangu. Hakutaka kingine chochote ila kuirudia. Kila asubuhi nikimwamkia, anaitikia marahaba, halafu anauliza kama kuna mtu ameiwasha, betri isije ikalala. Na gia kwetu huku ni kazi ya mkono wa kushoto.

Siku ya kwanza alifika kwenye kona akasimama kabisa.

"Honi iko wapi?"

"Baba, hakuna honi."

"Sasa anayeshuka atajuaje kama napanda?"

"Hakuna anayeshuka. Uko peke yako."

Hakuniamini. Kila kona alipunguza mwendo, akabana kushoto, akampisha mtu asiyekuwepo. Wiki nzima pointi sifuri. Mimi natoka shule nimechoka, nimeshagombana na watoto wa watu, nafika nyumbani nakuta sifuri. Siku moja nikapandisha sauti. "Baba, acha ubishi, liachie liteleze!"

Akanitazama. "Mimi niteleze, mwanangu? Na watu nimewabeba nyuma?"

Niliona aibu, lakini sikuomba radhi. Hilo linaniuma mpaka leo.

Jumamosi iliyofuata mvua ilikuwa imeufunika mlima wote. Nilikuwa napepeta mchele nikasikia laptopu inalia matairi. Kugeuka, gari la baba linaserereka, linazunguka, pointi zinapanda mia, elfu, hazisimami. Nikaweka ungo chini nikapiga makofi mpaka jirani akachungulia dirishani.

"Umeona, baba? Mkono umerudi!"

Hakucheka. Alikuwa anautazama mkono wake, kioo wala hakiangalii, na gari linaendelea kuzunguka.

"Si mimi," alisema taratibu. "Nimebonyeza, sasa kidole kimekataa kutoka. Nakiambia toka, hakitoki."

Nilipiga magoti nikakibandua kile kidole kwa mkono wangu. Gari likanyooka, likasimama.

Kisha akaniuliza kama yule jirani yake wa Mlali, aliyekuwa akiiulizia pikapu, bado anaitaka. Nikasema sijui. Nilikuwa najua vizuri sana. Alinipigia juzi yake, nikamfokea kwamba mwenyewe yuko hai na ataiendesha.

"Mpigie," baba alisema. "Aje aichukue. Na umwambie gia ya pili huwa nzito kuingia asubuhi, asiilazimishe."