Nta Niliyokatazwa

Anayetaka kunibishia anibishie sasa, kabla sijaanza, maana haya niliyaona kwa macho yangu mwenyewe, tena sikuwa nimeonja hata togwa. Wala haikuwa usiku. Ilikuwa saa nane mchana pale Mlowo, msimu wa kahawa, barabara imejaa malori ya kwenda Tunduma, na mimi nimo kibandani kwangu natengeneza redio.

Akaja mwanamume mrefu, kavaa kofia ya sufu, jino moja la juu hana. Amekumbatia gitaa la besi la zamani, rangi imebanduka hadi mbao zinaonekana.

"Limenyamaza ghafla, fundi," akasema.

Nikaliunganisha na amplifaya. Kimya. Chini ya nyuzi za gitaa kuna kidude tunachokiita pikapu, sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba kuliko unywele. Hiyo ndiyo inayosikia nyuzi zikitikisika. Nikaipima kwa mita, mshale haukusogea. Waya ulikuwa umekatika ndani.

"Hii imekufa. Ninayo nyingine, nitakubadilishia."

"Usibadilishe. Unga hiyo hiyo. Na usitie nta."

Kisha akainama juu ya gitaa, akaguna wimbo wa kwaya kwa sauti nzito ya chini. Niamini, mguno wake ukatoka kwenye spika. Nikajaribu mimi, "Haloo, haloo." Kimya. Ungesema nini hapo? Mimi nilijiambia waya unagusana na kuachana, maana fundi hakosi maelezo. Akanitajia jina lake, nikaliandika kwenye plasta, nikaibandika kwenye gitaa, akaondoka.

Niliufungua waya ule, nikalehemu pale ulipokatika, nikauzungusha upya kwa mkono siku mbili nzima. Gitaa likalia vizuri, ila ukiongea karibu nalo, maneno yako yanatoka kwenye spika. Kwetu mafundi huo ni ubovu. Dawa yake ni kuichovya pikapu kwenye nta ya mshumaa iliyoyeyuka, waya ushikamane, usisikie kitu kingine ila nyuzi. Nilikumbuka nilivyokatazwa. Nikasema moyoni, mteja anajua nini kuhusu kazi yangu? Nikaichovya.

Mwenyewe hakurudi. Wiki kama tatu baadaye, mteja mmoja wa Igamba alilisoma lile jina kwenye plasta, akanitazama vibaya, akaondoka bila kuaga. Kesho yake akaja mama mmoja kutoka huko huko.

"Nani amekuletea gitaa hili, baba?"

Nikamweleza: kofia ya sufu, pengo la jino la juu. Akakaa polepole juu ya kreti la soda.

"Huyo ni mume wangu. Tulimzika mwaka jana. Gitaa tulilifungia kwenye kabati la kwaya, na ufunguo ninao mimi." Akalifungua pindo la kanga, akanionyesha.

Akaniomba niwashe. Nikapiga nyuzi, sauti ikatoka safi kabisa. Akasogeza sikio kwenye spika, akasubiri.

"Mbona yeye simsikii?" akauliza. "Alikuwa akipiga huku anaguna, na mguno wake unatokea hapa. Mwalimu wa kwaya alimgombeza sana akalitengeneze. Hakutaka, kwa sababu mimi nilipenda kumsikia. Picha yake ninayo, baba. Sauti yake hatukuwahi kuirekodi."

Niliona aibu mpaka nikashindwa kumtazama. Nikaitoa pikapu, nikaiyeyusha nta kwa maji ya moto, nikaifuta, nikaikausha, nikaiunganisha tena. Nikiguna mimi, mguno wangu ulitoka. Akiguna yeye, ulitoka wa kwake. Tulikaa kimya tukisubiri wa tatu hadi malori yakawasha taa.

"Kazi yako ni nzuri, fundi," akasema, akalikumbatia gitaa kama alivyolikumbatia mumewe, akaenda kutafuta gari la Igamba. Afadhali angenitukana.

Miaka imepita. Hadi leo, ikifika saa nane mchana na amplifaya imewaka, bisibisi naiweka chini nasikiliza kidogo. Mke wangu hunicheka. Basi wewe unayeshika vitu vya watu, uwe fundi saa au fundi cherehani, mwenye kitu akikwambia hapa usiguse, usiguse, hata ukiona anakosea. Mimi nilijifanya najua kuliko mwenyewe, na mama yule akarudi nyumbani na gitaa zima lisilo na mume wake.