Kumbukumbu Iliyopungua Mezani kwa Ruffin

Saa mbili asubuhi, Ruffin Kisimba anapangusa meza isiyo na kazi juu yake. Chumba chake cha kutengenezea kompyuta kiko karibu na stesheni ya gari-moshi mjini Kalemie. Leo umeme upo. Wateja ndio hawapo.

"Muntu akiitwa mwizi hapa, hata mbwa wake anamukimbia," anasema. Anacheka kidogo, bila furaha.

Zamani alipokea mashini nne, tano kwa juma. Juma hili amepokea moja, na mwenye mashini alirudi kuichukua kabla haijafunguliwa.

Yalianza na Mama Arlette, mwenye biro, ofisi ndogo ya kuchapisha kazi za wanafunzi. Kompyuta yake kuukuu ilikuwa ikikwama, taarifa ya kumbukumbu ikionyesha imejaa pomoni. Ruffin akaitia vipande viwili vipya vya kumbukumbu, jumla gigabaiti nne. Siku ya kuichukua, Mama Arlette akasoma kwenye skrini: tatu na robo.

"Papa Ruffin, nililipa nne. Ingine iko wapi?"

Akamweleza ukweli: mfumo wa zamani unaoendesha kompyuta hiyo huhesabu hadi gigabaiti nne tu, na sehemu ya hesabu hiyo hushikwa na skrini na vifaa vingine. "Iko kama gari-moshi, Mama. Behewa la wafanyakazi liko, lakini hauwezi kutiamo muhogo."

"Ah! Muhogo wa kutoka Kabalo nao unapungukaka njiani, na kila muntu anasema hajakula!"

Waliosimama mlangoni wakaangua kicheko. Jasho likimtoka, Ruffin akachomoa kipande kimoja, akakipachika kwenye kompyuta yake mwenyewe badala ya kilichokuwamo, aonyeshe kuwa ni gigabaiti mbili kamili. Alisahau kwamba mashini hiyo nayo huimegea skrini sehemu ya kumbukumbu. Taarifa ikasema moja na kitu.

"Yesu! Ameikula tena, mbele ya macho yangu!"

Angempa kipande cha bure, yangeisha. Alikataa. "Ningetoa, ningekuwa nimekubali niliiba."

Maneno yakafika bandarini, yakafika kanisani. Mkewe, Glodie, siku hizi hutoka ibadani kabla ya baraka, asisalimiane na mtu.

Sasa Ruffin ameazimia: kila mashini itafunguliwa mbele ya mwenyewe, na taarifa wataisoma pamoja, kabla ya kazi na baada yake. Kitakachopungua atakisema mapema.

"Nitaanza na muteja wa kwanza," anasema, akivuta kiti cha pili karibu na skrini. "Akuje tu."